Papa wa bwawa la shule

Mama mwenye nyumba wangu ana miaka 74 na anaendesha kigari cha mraba kama kiberiti. Jumamosi iliyopita alinigongea saa moja asubuhi, kofia kichwani, chupa ya chai ya shayiri mkononi, akaniambia leo ananipeleka shule. Nikadhani utani. Mimi Kochi, huku Japani, nimekuja kusoma, shule nimeshiba mpaka pomoni. Akasema hiyo si ya kwako, hiyo ni ya samaki.

Mnaonifuata hapa mnajua mimi ni mtoto wa Pangani, ng'ambo ya mto, upande wa Ushongo, na baba yangu ni mvuvi mstaafu (kama mvuvi anastaafu, mwenyewe anasema amepumzika tu). Kwa hiyo nikisikia samaki sihitaji kubembelezwa. Nikavaa viatu.

Kutoka Kochi mjini hadi rasi ya Muroto ni kama saa mbili za barabara ya pwani. Kulia Pasifiki, kushoto milima, na katikati kipande chembamba cha ardhi ambamo barabara, nyumba na makaburi vyote vinagombania nafasi. Asiye na gari hupanda treni hadi Nahari, reli inakoishia, halafu basi. Tulipita Kiragawa, ambako nyumba zimezungushiwa kuta za mawe kukinga upepo. Huku tufani si habari ya redioni. Ile kubwa ya mwaka 1934 Wajapani wanaiita kwa jina la mji huu mpaka leo, Tufani ya Muroto.

Nikawa nahesabu maduka yaliyofungwa. Si yaliyofungwa kwa sababu ni mapema, la, yale ambayo mlango wa chuma umeteremshwa na kutu imeushika chini, ukijua kabisa haujainuliwa miaka. Nilifika 19 nikachoka. Karibu na mwaka 1960 Muroto ilikuwa na watu zaidi ya 30,000. Leo hawafiki 12,000, na wengi wao ni rika la mama mwenye nyumba wangu. Ulikuwa mji wa meli za jodari, zile zinazoondoka zikarudi baada ya miezi na miezi. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli hizo, na Bahari ya Hindi, kwa ninavyosimuliwa, aliijua kuliko mimi niliyezaliwa ufukweni kwake. Meli zikapungua, vijana wakaenda Osaka na Tokyo, na kijana akiondoka haachi mtoto wa kupeleka shule.

Hapo ndipo kichwa changu huwa kinagoma. Kwetu shule haifungwi kwa kukosa watoto. Mimi darasa la tatu tulikuwa zaidi ya mia, dawati moja watu wanne, na wa pembeni anaandika mguu mmoja uko nje kama abiria wa daladala. Ukiniambia kuna shule yenye vyoo, maji, maabara na bwawa la kuogelea, imekosa mtoto wa kuingia, nakuelewa kwa maneno tu. Moyoni haiingii.

Shule ya Msingi Shiina iko ukishaizunguka rasi, upande wa mashariki, barabara tu ikiitenga na bahari. Jengo la zege la ghorofa tatu, la kawaida kabisa, lile umbo la shule ambalo Japani nzima wanalo. Ilifungwa mwaka 2006. Ikakaa. Tarehe 26 Aprili 2018 ikafunguliwa tena, safari hii kama nyumba ya kutazamia samaki, na jina lake hawakulipamba hata kidogo: Muroto Haikō Suizokukan. Haikō ni shule iliyofungwa. Suizokukan ni nyumba ya samaki. Mimi ningekuwa kwenye kamati ya kutafuta jina ningependekeza kitu chenye matumaini, bahari ya buluu sijui nini. Wao wakaandika msiba mlangoni, wakaweka na bei: yeni 600 mtu mzima, 300 mtoto wa shule.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni sinki.

Shule za huku zina masinki marefu kwenye korido, bomba baada ya bomba, ili watoto wanawe kwa pamoja kabla ya chakula. Liko chini sana, kimo cha mtoto wa miaka saba. Wamelijaza maji ya bahari, wakaweka majongoo bahari na viti vya pweza, nawe unaruhusiwa kuwashika. Mabomba bado yamo, yameinama juu ya maji. Mama mwenye nyumba wangu akainama naye, akatumbukiza mikono. Hakushika kitu. Alianza kuisugua mikono yake, kiganja kwa kiganja, halafu katikati ya vidole, kama anatoa sabuni. Akastuka, akanitazama, tukacheka wote wawili mpaka mtoto mmoja akatusogelea kuona tumeona nini.

Yeye hakusoma Shiina. Amesoma kijiji kingine huko huko Muroto, na shule yake nayo haipo. Lakini masinki ni yale yale, na ngazi ni zile zile.

Cha pili ni lile sanduku. Kama hujawahi kuliona: ni sanduku la mbao la kurukia kwenye kipindi cha mazoezi, limepangwa kwa vipande kimoja juu ya kingine, pana chini, jembamba juu, na juu kabisa limevishwa kitambaa kigumu. Unakimbia, unaweka mikono, unapitisha miguu pande mbili, unatua upande wa pili. Kila Mjapani amelirukia au ameshindwa kulirukia. Hili la Shiina wamelitia tangi ndani, pembeni kioo, na samaki wanazunguka humo kama hawajui wamekalia aibu ya utoto wa watu. "Mimi sikuliruka hata siku moja," mama akasema. "Nilikuwa nafika juu nakaa." Akalipigapiga kidogo kama unavyompiga punda mgongoni.

Hapo nikaanza kuwaelewa. Wangeweza kuvunja kuta, wakapiga rangi nyeusi, wakaweka taa za zambarau kama nyumba za samaki za mijini. Wamefanya machache kuliko hayo. Juu darasani kuna matangi makubwa ya duara, kasa wanazunguka humo. Chumba cha sayansi kina mifupa na chupa za vielelezo, na huwezi kujua haraka kipi kimeletwa na kipi mwalimu alikiacha. Hakuna pomboo anayeruka pete, hakuna ngwini. Kuna samaki taa, mkunga, bunju, kaa, na wengine ambao kwetu wanaishia chini ya ngalawa na kutupwa.

Na nyuma, bwawa.

Bwawa la kuogelea la shule, mita 25, wazi juani. Ngazi za chuma za watoto kupandia bado zimeshikilia ukingo. Ndani, kasa. Na vibua kwa kundi, wakigeuka wote kwa pamoja. Na katikati yao, taratibu, kama mkaguzi aliyekuja kukagua shule bila taarifa, papa wa kichwa cha nyundo. Nimekuwa ufukweni maisha yangu yote. Papa nimemwona amekatwa vipande, nimemwona amekaushwa ananuka mtaa mzima, nimemla na wali wa nazi. Nilikuwa sijawahi kusimama juu yake mimi nikiwa mkavu na yeye mzima. Nilikaa pale nusu saa. Mama akaenda akarudi.

Sasa swali la mtoto wa mvuvi: hawa samaki wanawanunua wapi?

Hawanunui, au karibu wote hawanunuliwi. Mbele ya pwani ile kuna nyavu kubwa za kudumu, zimesimikwa baharini mahali pamoja. Samaki anakuja mwenyewe, anagonga ukuta wa wavu, anaufuata kutafuta njia, anaingia chumbani hatoki. Baba angeona mara moja angesema, "Huu ni wando." Kweli ni wando, ila wa kwetu ni wa fito na unakauka maji yakitoka, na huu umeteremka chini sana na unavutwa kwa mashine alfajiri. Kila siku wavu unaleta wa kuuzika na wasiouzika. Wa kuuzika wanakwenda mnadani. Wasiouzika, wale wa ajabu, wadogo, wenye sumu, wenye sura mbaya, zamani walirudishwa majini. Siku hizi wengine wanapandishwa shule.

Na kasa waliingia kwenye nyavu hizo hizo. Hapo ndipo hadithi inapoanzia, kabla ya mtu yeyote kufikiria matangi. Kuna chama cha Wajapani wanaotafiti kasa, kilianzishwa 1990, na watu wake walikuwa Muroto miaka mingi kabla ya 2018, wakishughulika na kasa walionaswa kwenye nyavu: wanampima, wanamtia alama, wanamrudisha. Kufanya kazi hiyo ni lazima uelewane na wavuvi, na kuelewana na mvuvi, naomba mniamini, hakufanywi kwa semina. Unaamka naye saa tisa usiku. Kwa hiyo siku mji ulipokuwa na jengo tupu na unatafuta wa kulitumia, chama kilikuwa tayari na marafiki wenye nyavu, na vielelezo vilivyokosa pa kuwekwa. Jengo likabaki mali ya mji, wao wakaliendesha.

Nalikazia hili kwa sababu huwa tunasoma hadithi hizi kutoka mwisho: shule ilikufa, akaja mtu na wazo, mji ukafufuka. Wazo lile lisingesimama bila miaka ile ya kuamka usiku ambayo hakuna aliyekuja kuipiga picha.

Japani yenyewe majengo ya namna hii yamejaa. Kati ya 2002 na 2020 zilifungwa shule za umma 8,580. Mwaka 2021 majengo 7,398 yalikuwa bado yamesimama, na robo tatu hivi yana kazi. Tangu 2010 wizara yao ya elimu inatangaza yaliyobaki, kama dalali anayetafuta mpangaji. Nimewahi kupita moja huko Kyonan, mkoa wa Chiba, shule ya msingi Hota. Ilifungwa 2014, mwaka uliofuata Desemba ikawa kituo cha wasafiri: ukumbi wa mazoezi ni soko la mboga, madarasa unalala, na mgahawa unakupa chakula kwenye sinia kama cha wanafunzi, na maziwa yake. Pazuri. Lakini Hota kuna barabara ya haraka mlangoni na Tokyo iko ng'ambo ya ghuba. Muroto jirani yake ni upepo.

Na kwenye kisiwa hiki hiki cha Shikoku, milimani mkoa wa Tokushima, kuna Nagoro. Shule yao ilifungwa 2012 wanafunzi wawili wa mwisho walipomaliza. Bibi mmoja, Tsukimi Ayano, ambaye amekuwa akishona wanasesere wakubwa kama watu, akaijaza: wanafunzi wa vitambaa kwenye madawati, mwalimu wa kitambaa mbele. Wageni wanatoka nchi za mbali kwenda kuwaona. Nimeona picha tu na zilinitosha. Simlaumu bibi yule, kila mtu ana namna yake ya kukaa matanga. Ila nikilinganisha, naona tofauti ni sauti. Shiina siku ile ilikuwa na kelele. Watoto wanakimbia koridoni, na mzazi anafoka "usikimbie!" kwenye korido ambayo bila shaka maneno hayo yalishafokwa mara elfu.

Je, mji umefufuka? Nitasema ninavyoona, mtanisahihisha. Mwaka wa kwanza waliingia watu zaidi ya 100,000, kwenye mji wa watu kama 12,000. Hiyo si mchezo. Lakini idadi ya wakazi inaendelea kushuka, na hakuna tangi linalozaa mtoto. Maduka yale 19 sikuona hata moja lililoinuliwa mlango. Mtu akija kijijini kwako akakwambia jengo moja litarudisha watu, mpe maji anywe aende zake.

Nilichokiona ni kidogo zaidi. Mchana tulikwenda kula wali wa kinmedai, samaki mwekundu mwenye macho makubwa ambaye Muroto wanajivunia. Tukakuta foleni. Dakika 40 juani. Mimi njaa inaniuma, nikapendekeza tununue mikate dukani twende zetu. Mama mwenye nyumba wangu akakataa katakata. Alikuwa amesimama kwenye foleni ile kama mtu aliyesimama harusini kwa mwanawe, anawaangalia waliotangulia, anageuka kuwahesabu walio nyuma. "Foleni," akaniambia. "Muroto." Akarudia, akitenganisha maneno mawili yale kama vitu ambavyo hajawahi kuviona chombo kimoja.

Jioni nikafanya kosa. Nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kijijini kwetu kuna jengo la shule ya zamani, madarasa matatu. Shule ilihamishiwa karibu na barabara kuu, pale wamebaki mbuzi na mpapai uliotokea dirishani. Nikaandika maneno mengi kwa furaha: jamani kasa wa kisiwa cha Maziwe tunao, mayai yanahamishiwa Ushongo kila msimu, wageni tayari wanakuja kuangalia vitoto vikitoka, jengo lipo, tuna nini tunangoja?

Kimya kama dakika kumi. Halafu mama mmoja, mwalimu, akajibu: "Hongera mwanetu kwa masomo. Huko mnafuga papa madarasani, huku darasa la kwanza wanakaa chini. Ukipata wafadhili waambie tunaanza na madawati."

Niliona haya mpaka masikio. Na ana haki. Jengo lao limekosa watoto, letu limekosa mabati. Ukiyaweka kwenye picha yanafanana, ugonjwa si mmoja. Kama yale madarasa matatu yatapigwa paa, waingie watoto kwanza. Nilimwomba radhi. Akanitumia kidole gumba, ambacho kwa mwalimu wangu yule ni nusu ya msamaha.

Usiku nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia umewaambia watu wafuge papa."

Habari zimeshafika, si kijiji. Nikamweleza upya, pole pole, bwawa, wando, kasa. Kasa akampenda. Kisiwa cha Maziwe anakikumbuka kikiwa na miti, kabla hakijabaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa, na kasa walikuwa wakipanda pale kutaga kwa wingi. Akauliza kama wale wa bwawani wanalishwa vizuri. Akauliza kama hawawachinji. Nikamwambia wanatiwa alama na kuachiwa.

"Na hao watu wanalipa ngapi kuingia?"

"Yeni mia sita, baba. Kama elfu kumi ya kwetu."

"Elfu kumi kumwangalia papa."

"Papa, mkunga, taa, na bunju. Bunju yuko kwenye tangi lake, watoto wamemzunguka, anavimba wanashangilia."

Kimya kikawa kirefu nikadhani salio limekwisha.

"Mimi," akasema, "bunju nimemtupa miaka arobaini."

Jana mtoto wa dada yangu amenitumia picha kwa simu yake. Ndoo ya buluu, maji nusu, humo ndani bunju amevimba kama mpira na amekasirika, na kando ya ndoo miguu ya baba, naijua. Chini ameandikiwa ujumbe kwa imla: "Huyu je, ngapi?"